UZI: Ugonjwa wa kurithi wa figo kujaa vifuko vya maji (PKD), kreatinini kuwa nzuri isikulaze

Tumbo Moja (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Naona watu wanauliza mara kwa mara kuhusu figo kujaa vifuko vya maji na majibu wanayopata ni mafupi mafupi, "nenda hospitali", "kunywa maji sana", basi imeisha. Nimeamua nikae niandike vizuri maana ugonjwa huu uko kwetu, mama alikuwa nao, mjomba anao, mimi ninao, mdogo wangu wa kike hana. Mimi si daktari kwa hiyo dozi za dawa usije ukazichukua humu, ila namna ugonjwa unavyokwenda naielewa, nimeusoma na nimewabana sana madaktari bingwa wa figo kwa maswali.

Kuna kitu kimoja kinaniuma. Mtu anafanyiwa ultrasaundi ya jambo lingine kabisa, anakutwa na vifuko figo zote mbili, halafu anarudishwa nyumbani kwa maneno haya: "kreatinini yako iko sawa, ikipanda utarudi." Kreatinini ni uchafu wa kwenye damu ambao figo inautoa, ndo unapimwa kuona figo zinachuja kiasi gani. Wakuu, ile miaka ambayo kreatinini iko sawa ndo miaka yenyewe ya matibabu. Ikishapanda ujue sehemu kubwa ya figo imeshakwenda na hairudi.

Sasa twende taratibu. Ugonjwa unaitwa PKD, na huu wa ukubwani ambao ndo tunaongelea kwenye faili wanauandika ADPKD. Ni hitilafu ya jeni moja tu. Karibu wagonjwa wanane kwa kila kumi wana hitilafu kwenye jeni inaitwa PKD1 iliyoko kwenye kromosomu ya 16, na wengi wa waliobaki wanayo kwenye PKD2 iliyoko kromosomu ya 4. Hizi jeni zinatengeneza protini zinaitwa polisistini, zinakaa kwenye kijinywele kidogo mno kinachochomoza kwenye seli za mirija ya figo, na hicho kijinywele ndo kinaisaidia seli ijue ikue kiasi gani na isimame wapi. Polisistini ikipungua sana seli inapoteza mwelekeo, inaanza kujigawa hovyo na kumwaga maji ndani ya mrija, ukuta unatuna, panatokea kifuko, kifuko kinajitenga na mrija kinabaki kinajaa peke yake mwaka hadi mwaka. Vingine vinaanza mtu akiwa bado tumboni mwa mama yake. Na husikii kitu.

Figo ya mtu mzima kwa kawaida ina urefu wa kama sentimita 10 mpaka 12, yenye huu ugonjwa inaweza kupita sentimita 20. Mama miaka yake ya mwisho akilala chali ulikuwa unaziona zimejitokeza pande zote mbili za tumbo, ukiweka mkono unakutana na mafundo mafundo magumu, na chakula alikuwa anakula vijiko vichache anasema ameshiba, kumbe si kushiba, tumbo la chakula lilikuwa limebanwa na figo huku na ini huku, maana vifuko vinaingia mpaka kwenye ini.

Turudi kwenye kreatinini. Kila figo ina vichujio karibu milioni moja. Vifuko vikikua vinabana na kuua vichujio vya jirani, ila vilivyobaki vinaongeza kasi kufidia. Chukulia ofisini wenzenu nusu wameacha kazi na bosi hajaajiri wengine, kazi inatoka vilevile ila nyie mliobaki mnaumia. Kipimo cha damu kinaona kazi imetoka, hakioni mnaumia kiasi gani. Ndo maana mtu anafika miaka thelathini na kitu, arobaini, majibu ya damu mazuri kabisa huku figo zimeshakuwa mara mbili au tatu ya ukubwa wake.

Kinachosema ukweli mapema ni ukubwa wa figo ukilinganisha na umri. Mwaka 2015 madaktari wa Mayo Clinic walitoa mgawanyo, wanachukua ujazo wa figo zote mbili kutoka kwenye MRI au CT, urefu wako na umri wako, wanakuweka daraja kuanzia 1A mpaka 1E. 1A figo zinakua polepole sana, huyo anaweza kuzeeka bila kuhitaji mashine ya kusafisha damu (dayalisisi). 1E zinakua zaidi ya asilimia 6 kila mwaka, huyo hana muda wa kusubiri. Kama MRI haipatikani hata ultrasaundi ya kawaida inasema kitu, mtu wa chini ya miaka 45 akiwa na figo zinazopita sentimita 16.5 huyo ugonjwa wake unakimbia. Kwa hiyo ukipimwa usikubali jibu la "kuna vifuko" peke yake, omba waandike urefu wa kila figo. Karatasi nyingi nimeziona hazina hicho kipimo na ni namba ya sekunde chache tu kwa anayepima.

Naendelea chini na presha, hapo ndo pana mambo.

Tumbo Moja

Presha. Kwenye huu ugonjwa presha inakuja mapema, zaidi ya nusu ya wagonjwa wanakuwa nayo kabla figo hazijapungua kazi hata kidogo, unakuta kijana wa miaka ishirini na kitu ana 145/95 na anaambiwa ni stresi. Si stresi. Vifuko vinabana mishipa midogo ya damu ndani ya figo, figo inahisi damu haifiki, inamwaga homoni za kupandisha presha. Presha nayo inazidi kuumiza vichujio vilivyobaki pamoja na moyo.

Ndo maana dawa za kwanza hapa ni zile zinazokata hiyo njia yenyewe, kundi la ACE kama lisinoprili na enalaprili, au kundi la ARB kama losartani na telmisartani. Utafiti wa HALT-PKD uliotoka 2014 uliwachukua watu wa miaka 15 hadi 49 ambao figo bado nzuri, kundi moja likashushwa presha kawaida, kati ya 120/70 na 130/80, kundi la pili likashushwa zaidi, kati ya 95/60 na 110/75. Waliopelekwa chini zaidi figo zao zilikua polepole kwa takriban asilimia 14 kuliko wenzao. Wapo waliosikia kizunguzungu kwa hiyo si kila mtu anaweza, mzee wa miaka 65 usimpeleke huko, lakini kijana mwenye 135/88 anayeambiwa "hiyo siyo mbaya sana" ananyimwa kitu cha maana.

Dada zangu wenye mpango wa kubeba mimba, hizo dawa za ACE na ARB zinamdhuru mtoto tumboni, mwambie daktari mapema abadilishe kabla hujashika mimba, usisubiri siku zimepita.

Chumvi nayo. Lengo ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo haifiki kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na iliyomo kwenye vyakula vya viwandani. Hii haina mjadala kwa sababu chumvi nyingi inazifanya hata hizo dawa za presha zisifanye kazi sawasawa.

Mamake Watatu

Asante sana kwa uzi kaka, nimesoma mpaka machozi yamenilenga. Mume wangu ana miaka 41 kaambiwa mwezi uliopita, baba yake alifariki kwa figo lakini hakuna aliyejua ni figo za namna gani. Tuna watoto watatu. Wakwe wanasema wa kwanza ndo atakuwa nao kwa sababu kafanana na baba yake kila kitu, wa mwisho kafanana na mimi kwa hiyo yuko salama. Ni kweli? Na niwapeleke wapimwe wote? Mkubwa ana miaka 12.

Tumbo Moja

Pole dada, na mpe pole shemeji. Kufanana sura hakuhusiani kabisa. Kila mtu ana nakala mbili za hiyo jeni, moja ya baba moja ya mama. Mume wako ana moja nzima na moja mbovu, kila mtoto amepewa mojawapo, kwa hiyo kila mtoto ana nafasi ya asilimia 50, na inahesabiwa upya kwa kila mmoja. Wanaweza kuwa nao wote, anaweza mmoja, inawezekana hakuna. Haichagui wa kiume wala wa kike, wa kwanza wala wa mwisho. Na asiyerithi hawezi kuwapa wanawe, hauruki kizazi. Ukisikia uliruka kizazi maana yake yule wa katikati alikuwa nao ila mwepesi hakujijua.

Kuwapima watoto ni suala ambalo hata madaktari wanalijadili na wazazi, hakuna lazima. Ila kitu ambacho wengi wanakubaliana ni presha, mtoto wa mgonjwa apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka kwa mkanda wa saizi ya mkono wake, kuanzia kama miaka mitano hivi, maana presha ya mtoto inatibika na kuitibu mapema kuna faida. Ultrasaundi kwa mtoto ambaye hana shida yoyote ina utata: ikionyesha vifuko inakuwa karibu jibu kwa sababu mtoto hawi na vifuko bila sababu, lakini isipoonyesha haijamsafisha, vinaweza kuwa bado vidogo havionekani. Na mtoto atabeba hilo jina shuleni, kwenye bima, kichwani mwake. Kaeni na mume wako mwongee, na mkubwa akifikisha umri wa kuelewa naye awe na sauti.

Mpole

Mkuu naomba kueleweshwa. Nina miaka 24 mama ana PKD, nimepiga ultrasaundi wamesema figo safi. Niko salama au?

Tumbo Moja

Karibu, lakini bado. Vigezo vinavyotumika kwa mtu mwenye mzazi mgonjwa vinakwenda na umri. Miaka 15 hadi 39, vifuko vitatu au zaidi jumla ya figo zote mbili vinatosha kusema anao. Miaka 40 hadi 59, viwili au zaidi kila figo. Sitini na kuendelea, vinne au zaidi kila figo, kwa sababu uzeeni hata mtu asiye mgonjwa anaota kimoja viwili. Kujisafisha ni kugumu zaidi ukiwa kijana. Kama mama yako ana ile ya PKD2 vifuko vinachelewa, ultrasaundi ya miaka 24 inaweza kuvikosa. MRI inaona vidogo zaidi, kati ya miaka 16 na 40 ukiwa na mama au baba mgonjwa na MRI ikakuta vifuko chini ya vitano jumla, wanakuhesabu huna. Njia nyingine ni kipimo cha jeni, kinakuwa na nguvu zaidi mama akipimwa kwanza wakaijua hitilafu ya kwenu ni ipi, halafu wanaitafuta hiyo hiyo kwako.

Jeni inasaidia pia kujua mwendo. Kwenye PKD1, wenye hitilafu inayokata protini katikati figo zinafikia mwisho kwa wastani kwenye miaka 55, hitilafu nyepesi za PKD1 kwenye 67, PKD2 kwenye 79. Hizo ni wastani, ndani ya nyumba moja unakuta ndugu wanapishana hata miaka kumi. Mama yangu na mjomba ni tumbo moja, mama aliingia kwenye mashine ana 52, mjomba ana 63 bado anafanya kazi zake.

Na wasio na historia ya ukoo msijitoe, kati ya wagonjwa 10 mmoja hivi hana mzazi mwenye ugonjwa, hitilafu imeanza kwake.

Mzee wa Lita Nne

Mnatisha watu. Huu ugonjwa unaendeshwa na homoni ya kubana mkojo, ukinywa maji lita nne kwa siku hiyo homoni inazima, vifuko vinakosa chakula. Mimi nakunywa hivyo na niko poa, dawa za nini?

Tumbo Moja

Mzee wangu shikamoo, na hoja yako ina msingi kabisa, siidharau. Homoni hiyo ni vasopresini, inafika kwenye seli za figo inapandisha kitu kinaitwa cAMP, na cAMP ndo inazisukuma seli za vifuko zijigawe na zimwage maji. Kwa mantiki ukinywa maji mengi vasopresini inashuka. Tatizo jambo hili limeshapimwa. Kule Australia walifanya utafiti unaitwa PREVENT-ADPKD, watu 184, miaka mitatu, kundi moja likanywa maji kwa kipimo maalumu cha kuushusha ukali wa mkojo, lingine likaendelea kama kawaida. Matokeo yakatoka 2022, ukuaji wa figo haukuwa na tofauti ya maana. Maji tunywe ya kutosha mkojo uwe mweupe, yanasaidia kuzuia mawe ya figo ambayo sisi tunayapata sana, karibu mmoja kati ya watano, lakini tusiyaweke mahali pa dawa ya presha. Na mtu ambaye figo zimeshachoka sana asinywe hivyo bila kuambiwa, maji yatamjaa mwilini na sodiamu inaweza kushuka.

Naomba nikuulize kwa heshima, hiyo "niko poa" umepima urefu wa figo na presha, au ni kwamba husikii maumivu?

Sauti ya Chini

Mimi niko kwenye tolvaptani mwaka wa pili, ngoja niwape ya upande wa mtumiaji maana madaktari wanaielezea kwa ufupi. Dawa hii inafunga mlango ambao hiyo vasopresini inaingilia kwenye figo. Kwa hiyo figo haibani mkojo tena. Wiki ya kwanza nilidhani nitashindwa, unakojoa lita tano sita kwa siku, kiu siyo ya kawaida, ni kiu ambayo mdomo unakauka ukiwa katikati ya sentensi. Unameza asubuhi ukiamka, dozi ya pili ndogo baada ya masaa nane, usiicheleweshe maana utaamka usiku kucha. Usiku naweka chupa ya maji kitandani, naamka kukojoa nakunywa narudi kulala. Kazini nimehamia meza ya karibu na choo, nikamweleza bosi wazi. Ukitapika au kuharisha au huna maji ya kunywa unasimamisha dawa siku hiyo, hii walinisisitizia sana kwa sababu unakauka haraka.

Na ini linapimwa. Damu baada ya wiki mbili, baada ya wiki nne, halafu kila mwezi mpaka miezi 18, baada ya hapo kila miezi mitatu. Hakuna kuruka hata mara moja. Lakini nashukuru kwa sababu maumivu ya ubavuni yamepungua na figo zangu kwenye MRI ya mwaka hazijakua kama miaka ya nyuma.

Tumbo Moja

Asante sana Sauti ya Chini, huu ndo ushuhuda watu wanauhitaji. Niongeze namba. Utafiti mkubwa wa kwanza, TEMPO 3:4 wa mwaka 2012, ulikuwa na watu 1,445 kwa miaka mitatu. Waliokunywa tolvaptani figo zilikua asilimia 2.8 kwa mwaka, wasiokunywa 5.5. Japani ikaipitisha 2014, Ulaya 2015, Marekani 2018 baada ya utafiti wa pili kuonyesha inapunguza kasi hata kwa walioanza kupungua kazi ya figo. Wachache vimeng'enya vya ini vinapanda, kwa kawaida vinashuka dawa ikisimamishwa mapema, ndo maana ya vile vipimo vya kila mwezi.

Tuelewane hapo. Dawa hii haiponyi, haiyeyushi kifuko hata kimoja. Inanunua miaka. Na si ya kila mtu, wa 1A au 1B atateseka na kiu bila faida ya maana, inakwenda kwa wale ambao ugonjwa unakimbia, kuanzia 1C mpaka 1E, na ini liwe zima. Ndo maana nimeng'ang'ania ukubwa wa figo, bila hiyo namba daktari hawezi kukuambia kama dawa inakufaa.

Na kuna mtu kaniandikia pembeni anauza unga wa kuyeyusha vifuko. Ndugu, hakuna unga wa kuyeyusha vifuko, na vitu visivyojulikana ndani yake kuna nini vinaua figo nzima sembuse hizi zetu. Kifuko kimoja kikubwa kinachouma sana daktari anaweza kukinyonya kwa sindano na kuweka dawa kisijae tena, hiyo inapunguza maumivu, hairudishi kazi ya figo.

Nesi wa Zamu

Nafanya kazi chumba cha dayalisisi, hawa wagonjwa nawaona kila zamu. Niongezee mambo ambayo nikiyaona yanachelewa naumia.

Moja ni dawa za maumivu. Mgonjwa wa PKD mgongo na ubavu unamuuma mara kwa mara, anaingia duka la dawa anachukua diklofenaki au ibuprofeni, anazila miezi. Hizo zinapunguza damu inayoingia kwenye figo. Parasetamoli kwa kipimo chake ndo salama zaidi.

Pili, mkojo wa damu. Kifuko kikipasuka unaweza kukojoa damu nyekundu kabisa, unatisha, mara nyingi kwa kupumzika na kunywa maji inakata ndani ya wiki. Isipokata, au una mabonge ya damu, au umeshapita miaka hamsini na ni mara ya kwanza, njoo uchunguzwe, usidhani kila damu ni kifuko.

Tatu, homa kali na maumivu ya sehemu moja ubavuni. Kifuko kinaweza kuingia bakteria, na mkojo ukipimwa unatoka safi kwa sababu kifuko hakijaungana na njia ya mkojo. Watu wanapewa antibayotiki ya UTI siku tano, homa inarudi. Ukuta wa kifuko antibayotiki nyingi haziupiti, zinahitajika zile zinazopenya kama siprofloksasini na kwa wiki kadhaa. Mwambie daktari kwa mdomo wako "nina PKD".

Nne, mishipa ya mkono. Uchujaji wa figo (namba ya eGFR kwenye majibu ya damu) ukianza kushuka, mkono ambao hauandikii uulinde, damu itolewe kwenye mgongo wa kiganja, usikubali kuwekewa dripu kwenye mkono ule kwa sababu ndo utatengenezewa njia ya dayalisisi. Wengi wanafika kwetu mishipa yote imeshachomwachomwa imekufa.

Mpole

Nesi ubarikiwe. Mama mkubwa wa mama yangu alianguka ghafla akafa, walisema mshipa wa kichwa umepasuka. Inahusiana na haya?

Nesi wa Zamu

Pole sana. Inaweza kuhusiana kabisa. Kati ya wagonjwa 10 wa PKD mmoja hivi ana mshipa wa ubongo uliotuna, kwa watu wengine ni wawili watatu kwa kila 100. Na ukoo ambao mtu amepasukiwa hatari ni kubwa zaidi. Mama yako mwenyewe anatakiwa amwambie daktari wake hilo la mama mkubwa, wanampiga MRI ya mishipa ya kichwa, haihitaji sindano ya rangi. Kingine mkariri nyumbani, kichwa kinachouma ghafla kwa ukali ambao hajawahi kuusikia maishani, ndani ya sekunde kimefika kileleni, hapo hakuna kumeza dawa na kulala, ni hospitali muda huo huo.

Mamake Watatu

Na ikifika mwisho wa figo ndo basi? Mume wangu anauliza, ananiambia niulize mimi yeye hawezi.

Tumbo Moja

Mwambie si basi. Dayalisisi ipo, ya mashine mara nyingi mara tatu kwa wiki masaa manne manne, au ya tumboni unayofanya mwenyewe nyumbani, hata sisi wenye figo kubwa wengi wanaiweza. Lakini iliyo bora ni kupandikizwa, na habari njema ni kwamba figo mpya haipati huu ugonjwa, seli zake zina jeni za aliyeitoa. Kikubwa maandalizi yaanze mapema, uchujaji ukiwa unakaribia 20 mazungumzo yawe yameshaanza, watu wanaopandikizwa kabla ya kugusa mashine wanakwenda vizuri zaidi. Figo za zamani mara nyingi zinaachwa ndani, wanazitoa tu kama zinavuja damu, zinaambukizwa mara kwa mara, au hakuna nafasi ya kuweka mpya.

Ndugu anaweza kutoa, ila ahakikishwe hana. Mdogo wangu alitaka kumpa mama, akapimwa jeni akakutwa hana, mama akakataa, akasema hamkati mtoto wake. Waliliongea mara nyingi, mimi nikiwa katikati. Mama alikaa kwenye mashine mpaka mwisho na uamuzi ulikuwa wake. Kwa mume wako, wewe mwenyewe unaweza kupimwa, mke na mume wanapeana kama damu na tishu zinapatana, kuna hata mipango ya kubadilishana na familia nyingine.

Mamake Watatu

Wadogo zake wawili hawataki kusikia habari ya kupima. Wanasema wakijua ndo watakufa haraka.

Tumbo Moja

Usiwalazimishe ultrasaundi. Waombe kitu kimoja tu, presha. Kupima presha hakumpi mtu jina la ugonjwa, na haiumi.

Mamake Watatu

Nimerudi. Wa pili amekubali kwa shingo upande, nimempima na mashine ya nyumbani, 158/100, nikasubiri nikarudia 154/98. Ana miaka 33. Anasema yuko fiti hasikii chochote.

Nesi wa Zamu

Aje hospitali wiki hii asisubiri mwisho wa mwezi. Kama kuna kichwa kuuma sana, kuona ukungu au kifua kubana basi ni leo.

Tumbo Moja

Kama alivyosema Nesi. Akifika aanze yeye kusema "kaka yangu ana PKD na baba alikufa kwa figo", asingoje aulizwe, maana asiposema atachukuliwa kama presha ya kawaida. Apimwe kreatinini, protini kwenye mkojo, potasiamu, na ultrasaundi yenye urefu wa figo zote mbili ulioandikwa kwa sentimita. Akipewa dawa ya presha aulize kama ni ya kundi la ACE au ARB, na baada ya wiki moja mbili za kuianza arudie kreatinini na potasiamu. Presha aandike asubuhi na jioni kwa wiki nzima kabla hajala dawa ya asubuhi. Ukipata hizo sentimita zilete hapa dada, na za mume wako pia, tuzisome pamoja.